Jero kwa Aliyekunawisha

Basi la kusini likikaribia Kibiti, liwe la Lindi au la Mtwara, honi hutangulia. Ndani ya hoteli za kando ya barabara wahudumu wanaisikia na wanaanza kukimbia. Mmoja anachukua birika la maji ya uvuguvugu kwa mkono wa kulia, beseni kwa mkono wa kushoto, taulo begani. Anainama mbele ya kila abiria, anamimina, anasubiri sabuni ipite kwenye vidole, anamimina tena, anahamia kwa anayefuata. Hajafika mwisho wa benchi, wa kwanza ameshaita: "Dada, wali samaki hapa, na ndimu!" Kondakta kasimama mlangoni, jicho kwenye saa.

Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi la namna hiyo nikimsubiri mwenyeji wangu aje kunichukua kwa bodaboda. Sikuwa abiria wa basi lile, kwa hiyo niliona mambo mwanzo mpaka mwisho. Binti aliyetuhudumia alinawisha watu kumi na mmoja, akapeleka sahani tisa na supu mbili, akarudi jikoni kufuata pilipili, akarudi tena kufuata maji ya kunywa. Honi ikapigwa mara ya pili. Watu wakanyanyuka kwa pamoja, wengine wakiwa bado wanatafuna, na wawili kati yao wakapanda gari bila kulipa. Yule binti alibaki amesimama na sahani zao mikononi, akilitazama basi likiingia barabarani. Mwenye hoteli hakupandisha sauti. Alimwambia tu kwamba ile elfu saba itatoka kwake.

Mimi nilikuwa nimekula chakula cha 3,500. Nilitoa noti ya 5,000, akaniletea chenji ya 1,500, nikaihesabu na kuitia mfukoni yote. Ni baada ya kusikia habari ya ile elfu saba ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo wasomaji wengi wamewahi kuniuliza, nami nikawa nalijibu juu juu: mhudumu aachiwe ngapi?

Jibu langu la leo ni hili. Kwa mlo wa kawaida katika hoteli ya kando ya barabara, mwachie jero, yaani shilingi 500. Mkiwa meza nzima, watu wanne au watano, au ukiwa umemsumbua kwa kumtuma huku na huku, mwachie buku moja au mbili, yaani elfu moja au mbili. Kwenye mgahawa wenye orodha ya vyakula iliyochapishwa, ambako bili ya mtu mmoja inafika elfu kumi na tano au ishirini, asilimia kumi inatosha. Nitaeleza kwa nini nimefika hapo, maana kiwango bila sababu hakidumu kichwani. Mtu atakitii mara mbili kisha atarudia mazoea yake.

Wengi wetu tumesikia habari za asilimia kutoka kwa ndugu walioko Marekani, ambako kuacha asilimia 15 au 20 ya bili ni jambo la kawaida, na asiyeacha huonekana hana adabu. Kule kuna sababu yake. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijaguswa tangu mwaka 1991. Kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25, tangu mwaka 2009. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu kuliko hivyo, lakini mfumo wenyewe umesimama juu ya wazo kwamba mteja ndiye atakayejaza pengo la mshahara. Kwa hiyo bakshishi ya kule ni mshahara wenyewe, ila umepitishwa mfukoni mwa mlaji. Japani ni kinyume kabisa. Ukiacha hela mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia hadi nje akurudishie, akidhani umesahau.

Sisi hatumo kwenye njia ya Marekani wala ya Japani. Kwetu Tanzania sheria inamtaka mwajiri alipe mshahara kamili, na bakshishi ni juu ya hapo. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa, wakati wa hoteli za kitalii waliwekewa 250,000. Amri zilizofuata zimepandisha viwango hivyo. Hata hivyo ichukue ile 130,000 uigawe kwa siku 26 za kazi, utapata 5,000 kamili kwa siku. Hiyo ndiyo iliyowekwa kuwa thamani ya kuamka kabla ya adhana ya alfajiri, kuwasha mkaa, kunawisha mikono ya watu mia, na kuosha sahani mpaka magari ya usiku yapungue. Na wapo wasiopata hata hiyo, kwa kuwa hawana mkataba wa maandishi na wanalipwa kwa siku, kama vibarua.

Sasa weka jero yako kando ya ile 5,000. Kwa kiwango kile, ni sehemu ya kumi ya siku nzima ya mtu. Ukipiga asilimia kumi ya sahani yako ya 3,500 utapata 350, kiasi ambacho hata sarafu zake ni shida kuzikusanya. Isitoshe, asilimia ya sahani inamwonea yule anayehudumia walaji wa kawaida. Mkono uliobeba wali maharage umebeba uzito uleule wa mkono uliobeba kamba wa delta ya Rufiji. Aliyekula kamba amelipa zaidi kwa sababu ya mvuvi, boti na barafu. Kazi ya mhudumu haikuongezeka. Ndiyo maana kwenye hoteli za kawaida ninashauri uiache hesabu ya asilimia ya bili kabisa. Asilimia kumi ninayoitaka mimi ni ya siku yake.

Kuna msomaji atasema, huu si utamaduni wetu. Namwelewa, na ni kweli nusu. Bakshishi ni neno la Kiajemi lililotufikia zamani kwa njia ya biashara, na pwani hii limekaa muda mrefu likiwa na pande mbili. Upande tunaoujua sana ni ule wa kupokea. Nenda sokoni Kibiti msimu wa embe au wa machungwa. Mnunuzi akishahesabiwa fungu lake hainuki mpaka aseme, "Niongezee basi," na muuzaji huchukua moja na kuiweka juu. Asiyeongeza huonekana mkavu, mteja harudi. Ile embe moja ya juu ni bakshishi. Haimo katika bei, hakuna anayeweza kuidai kwa nguvu, lakini wote wawili wanajua inatakiwa iwepo. Mimi ninachoomba ni kwamba nyongeza hiyo itembee pande zote mbili. Tukiwa wanunuzi wa embe tunaongezewa. Tukiwa walaji wa wali wa mtu aliyetunawisha, tuongeze sisi.

Tena pwani tunajua kutoa. Mtu huyohuyo anayehesabu chenji hotelini utamwona kwenye taarabu ya harusi akisimama na noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Kutunza ni jambo zuri, lina shangwe yake. Lakini kile cha harusini hutolewa kionekane. Cha mhudumu kinapendeza kikipita kimya, kiganja kwa kiganja, pamoja na neno moja: "Hii ni yako, dada, asante." Usimrushie mezani penye mifupa ya samaki. Usimwite arudi mbele ya wenzako ili waone unavyotoa. Na ukimwita wakati wowote ule, muite dada, mdogo wangu, kaka au binti, kwa jinsi umri ulivyo. Ile sauti ya "psss" inayotolewa kwa meno inaumiza kuliko kunyimwa hela.

Neno "hii ni yako" si la mapambo. Bila neno hilo fedha hupotea njiani. Ukimwambia tu "chenji baki nayo" huku chenji yenyewe iko kwa mwenye kaunta, mara nyingi itabaki kaunta. Hali imekuwa ngumu zaidi tangu tulipoanza kulipa kwa simu. Lipa namba iliyobandikwa ukutani ni ya mwenye biashara, hivyo ukilipa 4,000 badala ya 3,500 kwa nia ya kumwachia mhudumu, ile 500 imeingia kwenye akaunti ya bosi na mhudumu hataiona. Kumtumia mtu jero kwa namba yake binafsi nako kuna makato, na binti wa watu hapaswi kumpa kila mlaji namba yake ya simu ili apate haki yake. Kwa hiyo uwe na sarafu. Benki Kuu ilitoa sarafu ya shilingi 500 mwaka 2014, na sijui matumizi yake mazuri kuliko haya. Kabla ya safari ya kusini, tia nne au tano kwenye mfuko wa shati. Chakula lipia kwa simu ukitaka, jero itoe kwa mkono.

Hapo kwenye namba ya simu nitakaa kidogo, hasa kwa wanaume wenzangu. Hela unayomwachia mhudumu imelipia sahani iliyofika ikiwa ya moto na mikono iliyonawishwa. Haijalipia tabasamu la ziada, wala kukaa naye mezani, wala kujua anakaa mtaa gani. Kwenye baa jambo hili lina sura ya ofa: mteja humwambia mhudumu "na wewe agiza chako". Wahudumu wengi wangefurahi zaidi kupewa thamani ya kinywaji kile kuliko kinywaji chenyewe, maana wana watoto wa kusomesha na kazi bado ina saa nne mbele. Baadhi yao hupokea ofa kwa heshima, wakaiacha kaunta ili wapewe hela baadaye. Ukitaka kumfaa, mpe hela moja kwa moja, kisha endelea na mazungumzo yako. Mwanamume anayetoa elfu kumi na kuanza kudai majibu ya salamu zake usiku wa manane hajatoa bakshishi. Ameweka rehani, na aliyewekewa hakukubali.

Kuna ambao hupaswi kuwapa. Mama lishe mwenye genge lake, anayepika mwenyewe na kukupakulia mwenyewe, ni mfanyabiashara, na faida yake imo ndani ya bei. Heshima yake ni kumlipa bei aliyoitaja bila kumwambia apunguze, kutokopa "mpaka mwisho wa mwezi", na kumrudishia sahani yake kama ulibeba chakula ukala kwenye kijiwe. Mikopo midogomidogo ya watu wazima wenye mishahara imefunga magenge mengi kuliko mvua. Mpagazi anayekubebea mzigo gatini Nyamisati unapokwenda kupanda boti ya Mafia, patana naye kabla na umlipe mlichopatana. Ule ni ujira, usiuite bakshishi ukaupunguza. Na muuguzi, karani wa ofisi au mtumishi yeyote wa umma usimpe kitu, kabla wala baada ya huduma. Kodi imeshamlipa, na kinachopita mkononi hapo ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kukishughulikia. Nchi hii iliwahi kuiruhusu takrima ya wagombea kwa wapiga kura kwenye uchaguzi kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2000, ikaitwa ukarimu wa Kiafrika, na ilibidi Mahakama Kuu iifute mwaka 2006. Mpaka ni mwepesi kuujua: bakshishi hufuata kazi iliyokwisha na humfikia mtu asiye na mamlaka yoyote juu yako.

Watu wa semina nao nina neno nao. Kibiti ni makao makuu ya wilaya, na nyumba zake za wageni hupokea wajumbe wa mafunzo na warsha karibu kila wiki. Wajumbe hao wana posho ya kujikimu. Wanakula chai, chakula cha mchana na vitafunwa kwa siku tatu mfululizo vikiletwa na watu walewale, kisha siku ya mwisho wanasaini karatasi na kuondoka. Ninyi ndio wenye uwezo. Mwenyekiti wa semina apitishe bahasha, kila mjumbe aweke elfu mbili, na bahasha ikabidhiwe kwa wahudumu wakiwa pamoja, mpishi na muosha vyombo wakiwemo. Nasema wakiwa pamoja kwa sababu aliyeko nyuma, kwenye moshi, hakutani na mteja hata siku moja, na hakuna jero inayomfikia kwa njia ya kawaida.

Njia hiyo ya kugawana si ngeni kwa vijana wa huku. Barabara inayotoka Kibiti kupitia Mkongo hadi Mloka ndiyo iendayo lango la Mtemere, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Kwenye kambi za watalii za huko mgeni huona sanduku la bakshishi mapokezi, na kilichomo hugawanywa kwa wafanyakazi wote, wa mezani na wa jikoni. Mhudumu wa Mloka na wa stendi ya Kibiti wanaweza kuwa wametoka kijiji kimoja na wanafanya kazi ileile. Kinachowatofautisha ni kwamba mteja wa mmoja amefundishwa kuacha kitu na wa mwingine hakufundishwa.

Sasa wenye hoteli. Msifikiri ushauri huu unawapa nafuu ya kulipa. Mwajiri akimwambia mfanyakazi mpya "mshahara ni mdogo lakini kwa wateja utapata" anamwibia yeye, na mimi mteja ananifanya mshirika wa wizi huo. Na lile la kumkata kwa sababu ya mteja aliyekimbia silikubali, na sheria nayo hailikubali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri amweleze kwa maandishi kiasi na sababu, mfanyakazi apate nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Abiria akikimbilia basi lake, kosa la yule binti liko wapi? Kama mnaogopa hasara hiyo, pokeeni hela kabla ya kupakua basi linapokuwa na haraka. Hakuna mteja mwema atakayechukia. Mhudumu naye ajue kwamba chama cha wafanyakazi wa mahoteli kipo, CHODAWU, na kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya mfanyakazi mdogo kama ya mkubwa.

Uingereza walilipa jambo hili uzito wa sheria. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri wa kule haruhusiwi kubaki na bakshishi ya mteja, ni lazima imfikie mfanyakazi yote na igawanywe kwa haki. Sisi hatuhitaji kusubiri Bunge ili tufanye hivyo. Karatasi moja jikoni, inayosema bakshishi ni ya wahudumu na hugawanywa jioni, inatosha kuanza.

Zipo siku ambazo jero inapaswa kuwa buku. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi za Kibiti hupunguza kazi mchana, na anayelipwa kwa siku hupungukiwa siku. Anapokuandalia futari yeye mwenyewe akiwa amefunga, anafuturu kwa tende moja amesimama ili wewe ukae. Muongezee. Kuna na siku za maji. Aprili 2024 Mto Rufiji ulijaa, mashamba na nyumba za Kibiti na Rufiji zikafunikwa, kisha mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kikaja na barabara ya kusini ikakatika upande wa Somanga. Basi lisipopita, benchi linabaki tupu, na birika la kunawisha halina wa kumnawisha. Siku zile hakuna aliyewalipa wahudumu kwa kukaa. Barabara ilipofunguka walirudi kazini wakiwa na madeni ya unga. Ukipita mahali baada ya msiba wa namna hiyo, kula hapo, hata kama una mkate wako kwenye begi, na acha zaidi.

Na kama huna? Wapo abiria ambao ile 3,500 yenyewe wameimega kwenye nauli. Mtu huyo hana deni. Alipe chakula chake kabla ya honi, aseme asante, asogeze sahani yake pamoja na za jirani ili anayekusanya asizunguke meza mara tatu. Simtaki mtu aone haya kula kwa sababu hana jero.

Wewe uliye nayo, utakaposhuka Kibiti safari ijayo, fanya mambo mawili tu kabla hujapanda gari. Lipa chakula chako mapema, usisubiri honi ya pili. Kisha mtafute yule aliyekunawisha, si wa kaunta, umpe jero yake mkononi na umwambie ni yake.